Maige Dhidi ya Maige

Mimi ni msanii. Ukibisha, nenda Kirumba asubuhi, upande wa Mwaloni, usikilize kipaza sauti cha muuza sumu ya panya: "Panya, mende, kunguni, wote kwaheri!" Yule ni mimi. Kile cha Mkuyuni kinachowaita watu wakasajili laini za simu, ni mimi tena. Hata stendi ya Nyegezi nipo, nauza dawa ya fangasi. Nilirekodi mara moja, wakanipa changu, na tangu hapo sauti yangu inaamka kabla yangu na kwenda kazini peke yake.

Kabla ya panya nilikuwa na wimbo. Nasema wimbo, si nyimbo. Unaitwa "Nisubiri Kamanga", kijana anamwomba mpenzi wake amngojee kwenye kivuko cha Kamanga. Mwaka ule ulipigwa kuanzia Musoma mpaka Bukoba, na mimi nilitembea mjini nimevaa suti nyeupe saa sita mchana, jua la Mwanza likinichoma, ili mradi watu wanione. Jina langu ni Maige, lakini kwa muda mfupi niliitwa Maige Mwenyewe. Lile "Mwenyewe" lilidondoka njiani, sikumbuki wapi.

Tangu wakati huo naimba kwenye harusi na sendofu, zile sherehe za kumuaga binti anayeolewa, na ninaposema naimba, naomba unielewe vizuri. Siku hizi wimbo uko kwenye fleshi, ingawa sisi bado tunaiita CD. Mtu wa muziki anabonyeza, sauti yangu ya ujana inatoka kwenye spika, nami nashika maiki na kufungua mdomo na kuufunga. Kila mtu ukumbini anajua na hakuna anayelalamika. Watu wamekuja kula pilau, na mimi vilevile.

Aliyelalamika ni mmoja tu, mke wangu. Dorcas ni mtu wa Mara, anashona sare za shule pale Mkuyuni, na ukweli kwake hausubiri chai ipoe. Mwaka wa kwanza wa ndoa alinifuata kwenye kila shoo. Kisha akaacha.

"Baba Jonathan," aliniambia, "CD ninayo ndani. Niende nikaangalie mdomo?"

Neno hilo liliniuma kwa sababu lilikuwa kweli. Nilimpata Dorcas kwa wimbo ule, alikuwa akiuimba kwenye cherehani mchana kutwa kabla hajanijua. Akaolewa na mwenye wimbo, akakuta ndani ya nyumba kuna bwana anayekoroma.

Basi siku moja Venant akanipigia simu. Venant ni Mhaya anayepiga kinanda parokiani asubuhi na hotelini jioni, na pande zote mbili wanamwamini. Alisema hoteli moja ya ufukweni, Majabali, imepata meneja mpya kutoka Kisumu, anaitwa Madam Amondi, na huyo mama anataka Jumapili jioni za jazi na bluzi: zile nyimbo za zamani za Wamarekani weusi, zipigwe laivu, wageni wakae watulie wanywe polepole. Mwimbaji aliyetegemewa alikuwa amepatwa na mafua.

"Na umenifikiria mimi," nikasema, nikijikohoza kidogo kama mtu mkubwa.

"Una suti nyeupe," Venant akasema.

Nikakubali hapohapo. Nikamwambia Dorcas, tena kwa sauti ya kutojali, kwamba Jumapili nina tamasha la jazi. Hakuinua macho kwenye cherehani.

"Na CD ya jazi umeipata wapi?"

"Hakuna CD. Ni laivu."

Cherehani ikasimama. "Hakuna CD kabisa? Utaimba wewe, kwa koo lako?"

"Kwa koo langu."

"Nakuja," akasema. "Hiyo siwezi kuikosa."

Alikuwa anacheka, lakini mimi sikulala vizuri. Nilijua kwamba mke wangu hatakuja mara ya pili. Nilitaka kitu kimoja tu: akae pale mpaka mwisho, anisikie mimi, si yule kijana wa kwenye fleshi. Kazi ya kila Jumapili ilikuwa nzuri, suti ilikuwa inasubiri, lakini kilichonitoa jasho ni hicho.

Mazoezi yalikuwa kwenye ukumbi wa parokia. Venant kwenye kinanda, Collins Okomo wa Rorya kwenye gitaa la besi, na mpiga ngoma mmoja mpole ambaye hakuwahi kusema neno. Wakaanza wimbo wa kwanza. Nikasimama, nikashika maiki, nikafumba macho kwa hisia, nikafungua mdomo. Nikaufunga. Nikaufungua tena, nikatandaza mkono wa kushoto kama ninavyofanya kwenye sendofu. Wakarudia utangulizi mara ya pili, wakaurudia tena. Mwishowe Collins akaacha kupiga.

"Kaka," akauliza kwa upole, "umeme umekatika?"

Nilikuwa nasubiri sauti yangu ianze. Nakuapia, nilikuwa nimesimama pale naingojea itoke kwenye spika. Walicheka mpaka mpiga ngoma akalalia ngoma zake.

Nyimbo zenyewe nilizikariri kwa Kiingereza bila kuzielewa, kwa hiyo nilimwomba Venant anieleze kila mmoja unalia nini. Wa kwanza, alisema, mwanamke ameondoka. Wa pili pia, mwanamke ameondoka, na mvua inanyesha. Wa tatu, aliyeondoka ni mwanaume, ameondoka na treni.

"Hawa watu," nikamwuliza, "hawana wazazi wa kuwakalisha chini wakasuluhishwa?"

"Wangesuluhishwa tungekosa nyimbo," akasema Venant. Akanionyesha jinsi bluzi inavyokwenda: unasema jambo lako, unalirudia kama vile hawakukusikia, halafu unalijibu mwenyewe. Hilo nililishika haraka. L na R zangu za Kisukuma zilikuwa zinabadilishana viti katika kila mstari, lakini Venant alisema mwenye huzuni haangaliwi matamshi.

Jumapili ikafika. Suti nyeupe ilikubali mabega, ikakubali mikono, ikakataa tumbo, hivyo nikaacha kifungo wazi na kujiambia kwamba ndivyo watu wa jazi wanavyovaa. Bustani ya Majabali inashuka mpaka ziwani, na jukwaa lilikuwa chini ya jiwe kubwa, meza zimepangwa kwenye majani. Palikuwa na wageni wa kutosha: watu wa benki na wake zao, wahadhiri kadhaa, Wazungu wawili wazee. Dorcas alikaa meza ya nyuma kabisa, karibu na njia, mkoba mapajani. Nilijua ule mkao. Ndivyo anavyokaa kwenye vikao vya ukoo anavyopanga kuviacha katikati.

Madam Amondi alinijia kabla hatujaanza, mama mrefu, nadhifu, mwenye sauti ya chini. "Bwana Maige, mimi nataka watu watulie tu. Ukiwatuliza, hizi Jumapili zote ni zako."

Nikawatuliza. Wimbo wa kwanza niliimba kwa woga, nikashangaa kwamba sauti inatoka. Ilikuwa nzito kuliko nilivyoikumbuka, na ilikuwa na mikwaruzo, lakini ilikuwa ikitoka kifuani mwangu, na niliisikia mpaka miguuni. Wimbo wa pili jua likaanza kushuka, wakawasha taa, na wale wadudu wadogo wa ziwani wakaja kwenye taa kama kawaida yao. Nilikuwa nimefika kwenye noti ndefu, ile ambayo mwenye mke aliyeondoka anamwita mara ya mwisho, mdomo wazi kabisa. Wakaingia. Kwenye CD hakuna wadudu. Nilimeza, nikakohoa kwa mapigo ya ngoma, nikamalizia noti yangu, na Mzungu mmoja akapiga makofi akidhani ndivyo ulivyotungwa. Nilimwangalia Dorcas. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yanatikisika, lakini bado alikuwa amekaa.

Matatizo yalitoka ng'ambo ya ukuta. Jirani na Majabali pana uwanja wa kukodisha kwa sherehe, na jioni ile palikuwa na sendofu, mshereheshaji akiwa Chenge. Chenge ndiye anayenipa kazi siku zote. Alikuwa ameniomba nifanye sendofu hiyohiyo, nami nikamjibu kwa majivuno, "Samahani ndugu yangu, Jumapili nina jazi." Sasa nikasikia sauti yake ikipita juu ya ukuta.

"Msanii wetu leo ametutupa! Lakini wimbo wake tunao!"

Na "Nisubiri Kamanga" ikaanza, spika zimefunguliwa mpaka mwisho.

Nilikuwa katikati ya wimbo wa treni. Ghafla yule kijana akaanza kuimba, mwembamba, laini, hana mikwaruzo, hana wadudu kooni, na anapanda kwenye zile noti za juu bila kupumua, maana mashine haipumui. Nilimwonea wivu hadharani. Kwenye meza za mbele niliona mguu ukianza kutikisika, na haukuwa unafuata ngoma yetu. Mke wa mtu wa benki akaanza kuimba kiitikio polepole. Wengine wakageuza viti kuelekea ukutani. Vijana wa meza ya kati wakachukua chupa zao wakasimama kabisa. Madam Amondi alitoka haraka kwenye geti, akaenda kuwaomba jirani wapunguze sauti.

Sasa hapa inabidi nikueleze kuhusu babu yangu Masele, maana lililofuata ni kosa la damu. Babu alikuwa mchezaji ngoma huko Magu, Mgalu. Kwa Wasukuma, Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, huchezea uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake, na hakuna mwamuzi. Waamuzi ni watazamaji, kwa miguu yao: wakikuacha na kwenda ng'ambo, umeshindwa. Na mwenzako akipandisha ngoma, hunyamazi wala humngoji amalize. Unamsogelea, huku unaimba, na unamtungia matusi palepale mpaka watu warudi kwako wasikie unasema nini juu yake. Hivyo ndivyo babu alivyofanya, ndivyo baba alivyofanya, na mtu yeyote mwenye akili timamu angejua kwamba hivyo sivyo jazi inavyofanywa hotelini.

Nikashuka jukwaani na maiki.

Venant alinitazama, akatikisa kichwa, kisha nadhani akaona sina dalili ya kurudi. Akaiacha treni, akaanza bluzi ya polepole. Collins akamfuata. Nikatembea juu ya majani mpaka karibu na ukuta, kitambi mbele, nikaimba kwa Kiswahili ili kila mtu asikie:

*Yule anayeimba kule, sauti imepigwa pasi.*
*Nasema yule anayeimba kule, sauti imepigwa pasi.*
*Zimeni umeme kidogo, muone atakavyopata wasiwasi!*

Mtu akacheka. Ukicheka unageuka kutazama, hilo hata babu alilijua. Viti viwili vitatu vikarudi upande wangu. Ng'ambo yule kijana akaingia ubeti wa pili, nami nikamwingia.

*Alipoimba wimbo ule, alikuwa mwembamba kama fito.*
*Nasema alipoimba wimbo ule, alikuwa mwembamba kama fito.*
*Leo suti inamkaba, na kitambi ni mzigo mzito!*

Hapo ndipo wakaelewa. Mhadhiri mmoja akanyoosha kidole kwangu, kisha ukutani, kisha kwangu tena, akapiga meza. Wakaanza kupiga makofi kwa mapigo, vijana wakarudi na chupa zao, na yule mke wa mtu wa benki akasema kwa sauti, "Jamani, ni yeye!" Nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa najitukana mbele za watu na sijawahi kupendwa hivyo tangu ile suti ilipokuwa mpya. Lakini nilipotazama meza ya nyuma, Dorcas alikuwa hacheki. Alikuwa ananitazama tu, mkoba bado mapajani. Nikaacha ukuta, nikageukia kwake, na ubeti wa tatu ukatoka kabla sijauamua.

*Nina mke anaitwa Dorcas, CD yangu ameichoka.*
*Nina mke anaitwa Dorcas, CD yangu ameichoka.*
*Leo nimekuja mwenyewe, mama, usije ukaondoka.*

Sauti ilinikatika kwenye "mama". Sikuipanga, wala sikuwa na mashine ya kuinyoosha. Dorcas aliutoa mkoba mapajani akauweka kwenye majani, chini kabisa, na yeye huwa hauweki mkoba chini popote, anasema fedha hukimbia.

Kama ningekuwa na bahati, hadithi ingeishia hapo. Ila Chenge alitokea getini, anatweta, tai imekaa upande.

"Maige! Kumbe uko hapa hapa! Bibi harusi mtarajiwa anakulilia. CD iko tayari, tunarudia toka mwanzo. Njoo ufungue mdomo tu, kaka, dakika chache!"

Nisikudanganye: nilitaka kwenda. Kule kulikuwa na mamia ya watu wanaoujua wimbo wangu, mishumaa, pilau. Wageni wangu wengi walisikia, wakafurahi, wakainuka na kuanza kumfuata Chenge kabla hata sijajibu, wakidhani natangulia nao. Mguu wangu mmoja ulikuwa umeshageukia getini. Nilimtazama Dorcas anisaidie, aseme nenda au aseme baki. Akatazama ziwa. Huwa hanyamazi anaponiona nakosea; safari hii aliniachia niamue mwenyewe, kwa hiyo niliogopa sana.

"Mwambie bibi harusi nampongeza," nikamwambia Chenge. "Nina wimbo umebaki."

"Wimbo gani? Hawa watu wanaondoka!"

"Naona."

Akaondoka akitikisa kichwa, na bustani ikaondoka naye. Kwa hesabu za babu nilikuwa nimeshindwa vibaya, tena na mimi mwenyewe. Walibaki wale Wazungu wawili, mhadhiri aliyekuwa hajamaliza samaki wake, mhudumu mmoja aliyeegemea jiwe, na Dorcas. Nikapanda jukwaani. Ng'ambo yule kijana akaanza upya, watu wanashangilia, nasi tukaanza wetu wa mwisho, wa polepole kuliko zote, ule wa mtu aliyebaki mwenyewe chumbani na anaongea na taa.

Sikushindana tena. Niliuimba chini, kwa wale waliokuwepo. L zangu zilikuwa R. Kwenye noti ya juu sauti ilifika nusu, ikakwama, nikaiacha ikwame, kisha nikaendelea kutoka pale ilipokwama. Mhadhiri aliweka uma. Dorcas alihama meza ya nyuma, akavuta kiti cha mbele kabisa, akakaa, viwiko mezani, kama anavyosikiliza habari za msiba au za kuzaliwa mtoto. Nilimwimbia yeye mpaka neno la mwisho. Yalipopigwa makofi yalikuwa machache sana, na yake hayakuwemo, maana alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kitenge na kusema ni wadudu.

Tulikuwa tunakunja nyaya Madam Amondi aliporudi. Alikuwa kule muda wote, amesimama nyuma ya spika akisubiri Chenge apunguze sauti, na ubeti wangu hata mmoja hakuusikia. Akaangalia viti vitupu.

"Bwana Maige, umejitahidi," akasema, na ukiambiwa hivyo kwa Kiswahili ujue umeanguka. "Lakini niseme ukweli. Kule ng'ambo nimemsikia kijana mmoja kwenye spika, anaimba, sauti imenyooka, tamu kabisa. Watu wote wamekwenda kwake. Sikupata kumwona. Mimi ni mgeni hapa Mwanza, sijui anaitwa nani. Nyinyi wanamuziki lazima mnamjua. Huyo ndiye ninayemtaka kwa Jumapili zangu."

Venant aliinama kwenye kinanda chake akatafuta kitu ambacho hakikuwepo. Collins akapatwa na kikohozi. Mimi nilibaki na waya mkononi. Ningeweza kusema ni mimi, na ingekuwa kweli, na ningepata kazi palepale, mimi na fleshi yangu. Nilivuta pumzi niseme.

Dorcas alinitangulia. Aliinuka, akamshika Madam Amondi mkono kwa heshima, kwa mikono miwili.

"Madam," akasema, "yule namjua. Nimeishi naye miaka yote hii, hajawahi kuniimbia hata siku moja. Mchukue huyu."